Pesa ya msimu imeingia: ununue nini kwanza?

Mazungumzo na vijana wanaoongoza wazamiaji, Nungwi, mwanzoni mwa masika

Asalaam alaykum. Hamjambo nyote. Wale wa Matemwe na Kendwa mliokuja na mvua hii kichwani, ahsanteni zaidi. Wa Nungwi hamna sifa, mmetembea hatua chache tu.

Nimeombwa nizungumze juu ya vifaa, na kabla sijaanza niseme wazi kwamba mimi siuzi kitu. Kazi yangu ni meza, spana na bisibisi. Nafungua regileta, vile vifaa vinavyokupa hewa ya mtungi mdomoni, nazisafisha, nazifunga. Kwa hiyo mkinisikia nasema "kanunue kompyuta", hapo sina faida yoyote. Mkinisikia nasema "peleka regileta sevisi", hapo mna haki ya kunitazama kwa jicho la pembeni.

Majira haya nayaogopa kidogo. Wageni wamepungua, vituo vingine vya kuzamia vinafunga mpaka Juni, na kijana ana kamisheni na bakshishi za msimu mzima mfukoni. Muda anao pia. Jioni anashika simu na kutazama picha, na picha zinazovutia ni za majaketi ya kuzamia, yale ya kujaza hewa ili uelee: jeusi, mifuko kila upande, pete za chuma zinazong'aa. Juni anarudi kazini amevaa jaketi la dola mia tano, na mkononi ana saa ya kawaida isiyojua hata kina cha beseni.

Niseme maoni yangu kisha niyatetee. Kwa mtu anayeongoza wageni pwani hii, ukishakuwa na miwani inayokukaa usoni, pesa ya kwanza iende kwenye kompyuta ya kuzamia, ile ya mkononi inayofuata kina, muda na gesi iliyoingia mwilini. Ya pili, boya. Halafu regileta, na mara nyingi itakuwa kuitengeneza kuliko kununua nyingine. Jaketi mwisho. Najua wengine mmeshaanza kununa.

Miwani nitaipita haraka kwa sababu wengi wenu mnazo. Ijaribu dukani bila kuvuta mkanda: iweke usoni, vuta hewa kidogo kwa pua, ondoa mkono. Ikibaki imeshika bila hewa kupenya, ni yako. Isipobaki, iache hata kama ni zawadi. Wenye masharubu, maji yanapita pale chini ya pua, na hakuna miwani ya bei kubwa itakayotibu jambo hilo kama wembe. Ikiwa mpya, sugua vioo kwa ndani na dawa ya meno, maana kiwandani hubaki utando unaoleta ukungu. Na wale wakubwa wenzangu mnaosogeza geji mbali ili msome namba, vipo vioo vya kusomea vinavyowekwa ndani ya miwani. Msione haya. Mwongozaji asiyeweza kusoma geji ya mgeni wake hatufai.

Sasa kompyuta.

Vifaa vingi tunavyovaa ni vya kuazimana. Regileta ya kituo asubuhi iko mdomoni mwangu, jioni iko mdomoni mwako, na ikioshwa vizuri hakuna aliyeumia. Jaketi ndivyo hivyo hivyo. Lakini naitrojeni, ile gesi ya hewani inayoingia mwilini ukiwa chini na kukuumiza ukipanda haraka, iliyoingia kwako leo asubuhi ni yako peke yako. Huwezi kumpa mwenzako akubebee, na kompyuta aliyoivaa mwenzako asubuhi haijui chochote juu yako. Kompyuta ni daftari la deni la dukani: lina maana pale tu jina lililoandikwa juu ni la mtu mmoja.

Naona watu wanatikisa kichwa, kwamba hili tulifundishwa kozini. Mlifundishwa, kweli. Lakini nikisimama ufukweni naona mambo mengine. Naona mwongozaji asiye na kompyuta anasema, "Nafuata ya mgeni." Mgeni yule ametua uwanja wa ndege wa Kisauni juzi, mwili wake msafi. Wewe unashuka mara mbili asubuhi, mchana unafundisha mtu wa kozi, na hivyo hivyo wiki nzima. Kompyuta ya mgeni ikisema bado ana dakika 15, inasema habari zake yeye.

Na kazi yetu ina ubaya wake ambao jedwali la karatasi haliwezi kuufuata. Chukueni jedwali la PADI, lile shirika la mafunzo ya kuzamia, la hewa ya kawaida: mita 18 linakupa dakika 56 za kukaa chini, mita 25 dakika 29, mita 30 dakika 20. Hesabu hiyo inadhani umeshuka mara moja, ukakaa, ukapanda. Mwongozaji hazamii hivyo. Fikirieni asubuhi ya kisiwa cha Mnemba. Unashuka mita 6, mgeni masikio yamekataa, unapanda naye mpaka mita 2, unashuka tena. Wengine wamekuacha, unawafuata mpaka 18. Mmoja hewa imemwishia mapema, unampandisha, unamkabidhi kwa nahodha, unarudi chini kuwachukua waliobaki. Ukipanda mwisho, unagundua nanga imenasa, na anayetazamwa ni nani? Wewe. Kwenye jedwali mzamio huo hauna mstari. Kompyuta inaufuata sekunde kwa sekunde, na ukipanda kwa kasi kuliko mita 9 au 10 kwa dakika inapiga kelele, nyingi zake.

Elimu iliyomo ndani ya kidude kile si ya juzi. Mwaka 1908 John Scott Haldane, Mskoti, na wenzake walichapisha majedwali ya kupanda kwa hatua kwa ajili ya wazamiaji wa jeshi la majini la Uingereza, na waliopitishwa kwenye majaribio kwa wingi walikuwa mbuzi. Mbuzi akipandishwa haraka alikuwa anainua mguu mmoja kwa maumivu. Hivyo ndivyo walivyotambua kwamba viungo vinamuuma. Baadaye Albert Bühlmann wa Zürich akaendeleza hesabu ambazo kompyuta nyingi za leo zinatumia, zinazougawa mwili katika mafungu 16 yanayojaa naitrojeni na kuitoa kwa kasi tofauti. Damu na ubongo haraka, mafuta na maungio polepole. Ndiyo maana ukipumzika saa moja unajiona mzima, ilhali kuna sehemu za mwili bado hazijamaliza kulipa.

Tena sisi watu wa pwani hatuhitaji mbuzi wa Uingereza kutuambia. Mnawajua watu vijijini kwetu waliokwenda kutafuta majongoo bahari kwa mitungi, bila geji ya kina, bila saa, wakipanda kila mtungi ukiisha na kushuka na mwingine. Baadhi yao leo wanatembea kwa fimbo. Hawakuwa wazembe, wala si kwamba hawakuijua bahari. Waliijua kuliko sisi. Hakuna aliyewaonyesha deni linavyokua.

Basi unanunua ipi? Ile ya bei ya chini katika aina zinazoaminika inatosha. Dola 200 na kitu unaipata, mtumba chini ya hapo. Usilipie kioo cha rangi, dira ya ndani, wala kuunganisha na simu. Ninachokitaka ni vitu vitatu. Namba kubwa zinazosomeka kwenye maji yaliyochafuka. Uwezo wa kupanga asilimia ya oksijeni, kwa sababu siku kituo chako kitakapoanza kujaza naitroksi, hewa iliyoongezwa oksijeni, hutaki kununua tena. Na betri unayoweza kubadilisha mwenyewe. Hilo la tatu watu wanalidharau. Kuna kompyuta nzuri sana ambazo betri ikifa lazima zirudishwe kwa wakala ng'ambo, na wewe uko Nungwi, katikati ya Agosti, wageni wamejaa. Betri ya sarafu ya kawaida unaipata sokoni Darajani. Unafungua kifuniko, unatazama oringi, ule mpira wa duara unaozuia maji, kama ina mchanga au unywele, unaipaka grisi ya silikoni kidogo sana, unafunga.

Ukiinunua mtumba, usiogope kwamba ina deni la mwenyewe wa kwanza. Ikikaa siku mbili tatu bila kuzama, hesabu imejifuta. Ogopa vitufe vilivyokaza na ukungu ndani ya kioo.

Boya. Hapa nitawagombeza kidogo.

Boya la kujaza hewa na rili yake ya kuzungushia kamba vyote pamoja havifiki hata robo ya bei ya lile jaketi, na bado nawaona waongozaji wanakwenda Leven Bank bila boya. Leven Bank! Mlima uliozama katikati ya mkondo wa Pemba, ambako maji ya bamvua yanakubeba upende usipende. Nahodha wako anaweza kuwa hodari, lakini kusi likivuma na mawimbi yana vichwa vyeupe, mtu aliyetoa kichwa tu juu ya maji haonekani hata akiwa karibu na boti kuliko anavyodhani. Mnapotea mkitazamana. Wewe unaiona boti, boti haikuoni.

Boya liwe refu, mita moja na nusu kwenda juu, rangi ya machungwa au njano, na lile la mdomo uliofungwa lisilotoa hewa likilala. Kamba mita 30 ni nzuri, hata 15 inafaa kama unalirusha ukiwa umesimama kupumzika mita 5 kabla ya kutoka juu. Lifanyie mazoezi masika hii, maana kwa asiyelizoea rili inanasa, na boya linampandisha mwenyewe juu kama hakuliachia. Na mfukoni weka filimbi na kioo kidogo cha kumulika jua. Kioo ni kitu cha bei ya soda na kinaonekana maili kadhaa jua likiwepo.

Regileta ndipo mahali pangu, kwa hiyo mnivumilie nikikaa kidogo.

Mtu analeta regileta mezani anasema, "Fundi, imechoka, nataka kununua mpya." Kitu cha kwanza ninachotazama ni chujio, kile kisahani kidogo cha chuma pale hewa inapoingilia kutoka kwenye mtungi. Kikiwa kinang'aa, nafurahi. Kikiwa na rangi ya kahawia, kuna mtungi wa chuma wenye kutu mahali. Kikiwa cheusi, kompresa, mashine ya kujazia mitungi, inatoa mafuta, na hapo nasimamisha kazi, namuuliza anajazia wapi. Lakini mara nyingi ni kijani. Kijani ni maji ya chumvi yaliyopita ndani. Yalipitaje? Kifuniko kiliachwa wazi regileta ikitumbukizwa kwenye pipa la kusuuzia, au mtu alibonyeza kitufe cha kutoa hewa akiwa ameizamisha bila mtungi, maji yakapanda kwa paipu mpaka kwenye hatua ya kwanza, ile sehemu inayofungwa kwenye mtungi. Regileta haikuchoka. Imenyweshwa.

Kisha nafunga geji yangu ya kupima presha ya kati. Regileta nzima inapokea bar 200 kutoka kwenye mtungi na kuishusha mpaka bar 9 au 10 zaidi ya presha ya maji yaliyokuzunguka, na sindano inasimama pale, imetulia. Nikiona sindano inapanda taratibu, 10, 11, 12, kuna kikalio ndani kimekatika, na muda si mrefu hatua ya pili, ile ya mdomoni, itaanza kutoa hewa yenyewe mdomoni mwa mtu. Kikalio hicho ni kipande cha plastiki kidogo kuliko kifungo cha shati. Kinabadilishwa pamoja na oringi zake, na ile regileta "iliyochoka" inapumua vizuri.

Viwanda vingi vinataka sevisi kila mwaka au kila mizamio 100, vingine vimesogeza mpaka miaka miwili. Mwongozaji wa hapa anaweza kufikisha mizamio 100 kabla Ramadhani haijamkuta mara ya pili, tena mapema zaidi. Vipuri ndivyo taabu yetu: duka hakuna karibu, kila aina ina seti yake. Kwa hiyo ukinunua regileta, usiulize ni nzuri kiasi gani, uliza vipuri vyake nani anavyo Zanzibar au Dar es Salaam. Regileta bora duniani ambayo seti yake haipatikani ni pambo. Mgeni anayerudi kila mwaka muombe mapema akubebee seti, wengi wanafurahi. Na angalia mdomo wa regileta: mitungi mingi hapa ni ya kubana kwa kibano. Ukinunua ile ya kukaza kwa nyuzi, nunua na kiungio chake, kwani si kila mtungi una kizibo cha kutoa.

Sasa kuna hali ambayo regileta inaruka foleni na kutangulia hata kompyuta. Kituo chako kikiwa hakina kumbukumbu yoyote ya sevisi, na ukiinua kile kizuizi cha plastiki kwenye shina la paipu ukakuta chumvi imeganda na mpira una nyufa, basi nunua yako kwanza, hata ya mtumba, ifanyie sevisi. Kompyuta itasubiri mwezi. Na muulize meneja kwa adabu, si kwa kelele, kwamba kitabu cha sevisi kiko wapi.

Na kwa nini mwongozaji awe mkali juu ya regileta kuliko mgeni? Kwa sababu yako ni ya watu wawili. Watafiti wa Divers Alert Network, shirika la usalama wa wazamiaji kule Marekani, walichambua vifo 947 vya wazamiaji vilivyotokea kati ya 1992 na 2003. Katika visa ambavyo chanzo kilitambulika, asilimia 41 vilianza na hewa kupungua au kuisha. Kasoro za vifaa zilikuwa asilimia 15. Ifanyieni hesabu hapa kwetu. Mtungi wa alumini wa lita 11 na bar 200 una lita 2,200 hivi. Mgeni mwenye hofu anavuta lita 20 kwa dakika akiwa juu. Mita 20 presha ni bar 3, kwa hiyo anavuta 60. Ukimwekea akiba ya bar 50, amebakiwa na dakika zisizofika 28. Wewe uliyetulia una zaidi. Anayeishiwa atakuja kwako, na hataomba. Hatua yako ya kwanza iwe na uwezo wa kuwalisha wawili bila kugoma, paipu ya akiba iwe ndefu, ya njano, imening'inia kifuani pale mkono wa mwenye hofu unapofika. Paipu hiyo na kipachiko chake ni bei ndogo, na katika yote niliyosema ndiyo maboresho ninayoyapenda zaidi.

Fini, yale mapezi ya miguuni: badilisha mikanda ya mpira uweke ya springi, kisha endelea na fini zako. Wetisuti, vazi la mpira la kuzuia baridi: msidanganywe na wageni wanaosema maji ya hapa ni uji. Kwao ni mzamio mmoja. Maji yanakunyang'anya joto mara 20 na zaidi kuliko hewa, kusi bahari inashuka mpaka nyuzi 25 hivi, na ile ya milimita 3 ya miaka mitano povu lake limebanwa mpaka limebaki kitambaa. Ukitetemeka unakula hewa zaidi na kufikiri kidogo. Wembamba wenzangu, milimita 5 kwa Julai na Agosti.

Na jaketi. Wengi wanaolalamikia jaketi, nikiwauliza wanavaa risasi za uzito kiunoni kiasi gani, wanasema kilo 6, kilo 8. Ndani ya wetisuti ya milimita 3! Mtu amejifunga kilo tatu asizozihitaji, analijaza jaketi hewa ili limbebe, likijaa linamsimamisha wima, miguu inavuruga mchanga na kuvunja matumbawe, kisha anasema jaketi baya. Jipime mwisho wa mzamio, mtungi ukiwa na bar 50, kwa sababu ile hewa yenyewe ina uzito, kilo 2 na nusu hivi mtungi ukijaa, na mtungi wa alumini ukikaribia kuisha unataka kuelea. Ukiweza kutulia mita 5 jaketi likiwa karibu tupu, umefika. Wengine mtakuta mmepunguza kilo mbili bila kutoa senti. Jaketi lenye kasoro kweli ni lile ambalo kitufe cha kujazia kinanasa na kuendelea kujaza. Hilo msilivae hata mara moja, leteni. Mara nyingi ni chumvi ndani ya valvu. Likipasuka mshono, hapo nunueni jipya, na siku hiyo chagueni hata lenye mifuko kumi.

Meza yangu mnaijua. Kuanzia Jumatatu, baada ya alasiri, nitapima presha na kukagua paipu bure kwa wiki nzima. Vipuri ndivyo vitalipiwa. Njooni na regileta iliyosuuzwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kifuniko kimekauka na kimefungwa. Atakayekuja na mchanga nitampa mswaki asafishe mwenyewe.

Sasa maswali. Naona yule kaka mwenye fulana ya njano ameinua mkono tangu niliposema jaketi lije mwisho.